Mzigo wa Mitumbwi Mitatu

Mguu wangu ulivunjika gotini kwenye barabara ya Kabambare, siku ile pikipiki niliyopanda ilipoingia katika shimo ambalo dereva alilijua tangu utoto wake na bado akaliingia. Walinirudisha juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwa mtu, wanaume wanne wakipokezana, mpaka kwa mzee mmoja anayefunga mifupa. Alinifunga. Mfupa ukashika, lakini ulishika upande. Tangu siku hiyo mguu wangu wa kuume haukunjiki. Nikikaa, sharti niunyooshe mbele kama muuza mihogo aliyepanga mali yake njiani, na kila apitaye huuruka au huukwaa, halafu ananiomba msamaha.

Nyumba yangu iko Nyangwe, na mlango unatazama mto. Zamani niliusifu sana mlango huo. Kwa miaka miwili nilikaa ndani yake nikitazama Lualaba ikipita, mitumbwi ikipita, na watu waliokuwa wakinunua mawese kwangu wakipita na kunipungia mkono kwa huruma. Huruma siipendi. Nilikuwa mwanamke wa soko, leo Nyangwe, kesho Kasongo, kesho kutwa Wamaza juu ya pikipiki pamoja na madumu yangu manne. Sasa safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani mpaka kizingitini. Mke wa mwanangu, ninayekaa naye, aliniambia siku moja nishukuru Mungu kwamba niko hai. Nikamwambia mbuzi aliyefungwa kwenye mti naye yuko hai. Alinyamaza siku nzima, nami nikaona haya, maana ni mtoto mwema na ndiye aliyekuwa akinivalisha kiatu cha mguu ule.

Ng'ambo ya mto, juu kidogo, ndiko kwetu. Huko alibaki mtu mmoja tu wa tumbo letu, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa. Yeye ni wa kwanza, mimi ni wa mwisho, na waliokuwa kati yetu wote wamekufa. Mama alipokuwa shambani, yaya ndiye aliyenibeba mgongoni, na alinibeba mpaka miguu yangu ikawa inamgonga magotini, kwa sababu nilikuwa mtoto wa hasira na nikitelemshwa nililia mpaka majirani wanatoka nje. Akaniita Mzigo. Jina langu la kweli walikuwa nalo watu wengine wote. Yeye hakulitumia hata siku moja. Nilipoolewa Nyangwe aliwaambia wageni, "Leo nimetua mzigo wangu," halafu akalia kuliko mama. Hata nilipokuwa na wajukuu, nikimpigia simu alipokea akisema, "Mzigo!" kabla sijafungua kinywa.

Kwao rezo, mtandao wa simu, hupatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba, na binti yake ndiye humpandisha pale. Mwaka wa kwanza baada ya ajali nilipiga, akaniuliza, "Mzigo, mguu unasemaje?" Mwaka wa pili nilipiga, akauliza, "Ni nani?" Nikadhani ni rezo. Nikasema ni mimi. Akasema, "Mimi nani?"

Binti yake akaichukua simu.

"Mama mudogo," akaniambia kwa sauti ya chini, "kichwa yake inaanza kuacha watu. Ilianza na majirani. Juzi aliniita mimi kwa jina ya shangazi. Kama unataka akuone na akujue, ukuje mbio."

Ukuje mbio. Nilikaa na simu mkononi nikiutazama mguu wangu ulionyooka sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikaulilia. Sikuulilia ulipovunjika. Niliulilia siku hiyo, kwa sababu niliona wazi kwamba yaya anakwenda, na mimi niko hapa nimefungwa kwenye kiti cha plastiki na mto uko katikati.

Mtu asiyejua mitumbwi yetu ataniuliza kwa nini sikupanda tu nikavuka. Mtumbwi wetu ni gogo moja lililochimbwa. Abiria hukaa chini, magoti kifuani, na hatikisiki. Mimi magoti kifuani sina. Nilijaribu mara moja, nikakalishwa pembeni na mguu ukining'inia nje, na kabla hatujaacha ukingo tulikuwa tumekunywa maji sote. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mimi kuinama ndiko hasa kulikonishinda. Balenyeri ya moteri, lile boti kubwa la mbao, hupita, kweli, lakini haisimami kwetu, na kuipanda ni kutembea juu ya ubao mwembamba nyuma ya watu wenye magunia kichwani, wakikusukuma na kukutukana.

Basi ikafika video moja. Mwanangu anafanya kazi Kalemie, huko kwenye ziwa, na hunitumia vitu vya kunichekesha kwa sababu anajua nakaa tu. Alituma picha ya chombo cha Wazungu. Kilikuwa kidogo, chembamba, na kila ubavu una kijitumbwi kingine kilichoshikwa kwa mikono miwili, na tanga limesimama katikati. Alisema kwamba hutoka nacho asubuhi wakarudi jioni, kazi yao ni starehe tu. Mzungu mmoja alikuwa amekaa juu ya kiti cha kitambaa, miguu yote imenyooka mbele yake, kikombe mkononi. Mwanangu alitaka nicheke kofia ya yule Mzungu. Mimi nilitazama kikombe. Chombo kilikwenda, mawimbi yalikuja, na chai haikumwagika.

Nikamwita Mwagenya mmoja, mtu wa kabila la wavuvi wa mto, mwenye mitumbwi, ambaye gati lake liko chini ya nyumba yangu. Alikuwa mteja wangu wa mawese miaka mingi, mtu mpole, mwenye kuanza sentensi polepole. Akaitazama video, akacheka.

"Mama, hii tuko nayo. Ni mitumbwi tatu yenye kufungwa. Wao wameweka tu rangi."

Alisema kweli. Hapa kwetu mitumbwi miwili hufungwa kuvusha pikipiki, na mitatu hufungwa kubeba magunia ya mpunga ya wafanyabiashara. Nilikuwa nimeiona maisha yangu yote, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa gunia la mpunga.

"Basi nifungie mitatu," nikamwambia. "Lakini nitaichagua mwenyewe."

Siku mbili nilikaa ukingoni juu ya kiti changu, na yeye akaileta mitumbwi yake mmoja mmoja mbele yangu, nami nikaikagua kama mama mkwe anayetafutiwa mke wa mwanawe. Wa kwanza ulikuwa mrefu na mwepesi, wa kushindania. Nikamwambia sikimbizwi na polisi. Wa pili ulikuwa na ufa uliozibwa kwa bati na lami. Akaapa kwamba hauvuji. Nikamwambia aingie, akae humo mpaka nimalize kula muhogo wangu, tuone. Alipotoka suruali yake ilikuwa imelowa, na hatukuuzungumzia tena. Wa katikati nilitaka uwe mpana na mzito, ya ubavuni iwe sawasawa kama mapacha, ili chombo kisiende kikigeuza uso upande. Alitaka kuifunga ikigusana. Nikakataa, maana maji yaliyobanwa kati ya mbavu mbili huruka juu, na nilitaka kufika kwa yaya nikiwa mkavu. Tukaiachanisha mkono mmoja na nusu, tukapitisha miti mitatu juu yake, tukapigilia mbao katikati.

Juu ya mbao nikataka kiti chenye mikono, na kigoda mbele yake cha kuweka mguu. Akafunga kiti kwa kamba. Nilipokaa, akasema mkondo wa katikati huyumbisha, afadhali anifunge na mimi kiunoni kwa kikwembe, ile kanga yangu. Neno hilo sikulipenda, lakini nikakubali. Nilikwisha kuzoea kufungwa.

Likabaki jua. Alikuwa na turubai la buluu. Nimewahi kukaa chini ya turubai la namna hiyo sokoni, na najua kwamba saa sita ni chungu chenye kifuniko. Nikamwambia mke wa mwanangu alete shuka zangu mbili nyeupe kutoka sandukuni, mpya kabisa, maana cheupe hulikataa jua. Tukazishona pamoja, zikawa paa lenye kushuka pande tatu.

Mwagenya alizishika mkononi akasimama.

"Nyeupe, mama?"

"Kwani jua la mto linachagua rangi?"

"Hapana, mama. Nasema tu kama kule ng'ambo watu wakiona..."

"Wakiona watasema mwanamke amekaa vizuri. Wewe funga."

Akafunga. Ulimi wangu una tabia hiyo, humkata mtu katikati ya neno, na mara nyingi nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na maana.

Nilijaribu kumpigia binti ya yaya nimwambie nakuja. Simu haikupita. Kesho yake pia haikupita. Sikungoja siku ya tatu.

Tulitoka asubuhi, Mwagenya na ndugu zake wawili wakipiga kasia, mmoja katika kila mtumbwi, na mimi katikati juu, mguu kwenye kigoda, nimefungwa kama kifurushi cha posta. Nitasema kweli, nilifurahi. Miaka miwili mto ulikuwa ukinipita, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nikiupita. Nilikuwa na chupa ya chai. Nikajimiminia kikombe, nikakishika mbele yangu, na hakikumwagika. Kisha upepo ukaja kutoka nyuma, ukaingia katika shuka, zikajaa, na chombo kikaanza kujivuta chenyewe kupanda mto.

"Mama, imekuwa tanga," Mwagenya akasema nyuma yangu.

Wavuvi walitupisha. Mmoja alituona kwa mbali, akaweka kasia lake mapajani, akavua kofia. Wengine wawili wakasimamisha mtumbwi kabisa mpaka tukapita. Shuka zilikuwa zimeshuka, hawakuweza kuniona vizuri, lakini niliwapungia mkono kupitia upenyo. Hawakunijibu.

"Leo watu wa mto wamejifunza heshima," nikasema.

Nilisikia kasia la Mwagenya likikosa pigo moja, kisha likaendelea.

Tulipoikaribia ng'ambo, nikasikia sauti. Mwanzo ilikuwa ya mwanamke mmoja, juu, ikivutwa. Ikaja ya pili. Nikajua ni kilio, nikauliza, "Nani amekufa kwetu?" Nikainua macho, nikatazama hizo shuka zangu nyeupe zilizojaa upepo, na mitumbwi mitatu, na mtu aliyenyooshwa katikati, na kikombe changu kikamwagika.

Mimi nimezaliwa ukingo ule. Nilipokuwa mdogo nilikimbia na wenzangu kwenda kutazama, na nililia na mama yangu. Mpunga huja juu ya mitumbwi mitatu, hiyo kweli. Lakini mpunga haufunikwi kwa shuka nyeupe. Mtu wetu akifia Nyangwe na ikatakiwa azikwe kwao, hurudishwa juu ya mitumbwi mitatu ili jeneza lisiinamie upande, na hufunikwa cheupe. Hakuna maana nyingine. Nilifikiri mguu, nilifikiri jua, nilifikiri maji yasiniloweshe, na jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua halikunipitia kichwani.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza Mwagenya.

"Nilianza, mama. Ulinikata."

"Zishushe hizi shuka."

"Tukiacha kasia hapa, mkondo utatugonga kwenye mawe. Ngoja kidogo."

Nikapiga kelele kwamba niko hai. Nilipiga mpaka koo likauma. Lakini shuka zilikuwa mbele zikivuma kwa upepo, na ukingoni walikuwa wameshakuwa wengi, na kilio kikianza hakimsikilizi mtu. Nikakivuta kikwembe kiunoni. Mwagenya anafunga vizuri, fundo halikusogea. Nikakaa hapo, na tanga langu la starehe likanisukuma taratibu kuelekea kwenye msiba wangu. Nikawasikia wakiulizana ni nani, na mwanaume mmoja akajibu, "Ametoka Nyangwe. Wetu aliyeko Nyangwe ni mmoja." Baada ya hapo wakaanza kuniita kwa jina langu.

Pua ya chombo ilipogusa mchanga, mjomba mmoja akaja kuinua shuka kwa adabu zote, akaniona nimemkodolea macho, akarudi nyuma mpaka akakaa majini. Wanawake wawili walikimbia. Kisha wakacheka, na mimi nikataka kucheka, na Mwagenya alikuwa akikata fundo kwa kisu, wakati binti ya yaya alipofika akihema.

"Mama mudogo," akasema, "wamekwisha kumwambia."

Walinishika mabega, huku na huku, tukapanda. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa amekaa chini uani, kitambaa cha kichwa kimevuliwa, nywele zake nyeupe zote ziko nje, akijipigapiga mapaja. Na alikuwa akisema, "Mzigo wangu. Mzigo wangu. Nilikutua wapi, Mzigo wangu."

Siwezi kueleza nilivyosikia. Jina hilo sikulisikia mwaka mzima. Nilidhani kichwa chake kimeshalitupa. Kumbe lilikuwa humo, zima, na mimi ndani yake.

"Yaya," nikasema. "Ni mimi."

Akaniinulia uso. Macho yake yalinipita usoni kama mtu anayetafuta kibao cha nyumba asiyoijua.

"Karibu, mama," akasema. "Pole na safari. Mpeni mama mahali akae."

"Yaya, ni mimi. Ni Mzigo. Sikufa."

Hasira ikamjia, ile ile hasira yetu ya nyumbani.

"Usicheze na jina hiyo," akaniambia. "Jina hiyo iko na mwenyewe."

Binti yake alitaka kuanza kumweleza. Nikamzuia kwa mkono. Nilielewa kwamba akiamini, atakuwa amenipata kwa dakika moja, na asipoamini, nitakuwa nimemvunjia msiba wake na kubaki mwongo. Sikuwa na pa kutokea. Wakaleta kiti kifupi, nikakaa kando yake, mguu mbele.

Baadaye akaniuliza, "Wewe ulimujua?"

"Nilimjua."

"Iko na hasira, yule mutoto."

"Alikuwa nazo."

"Nikimutua chini, analia mpaka majirani wanatoka." Akacheka katikati ya machozi, akajifuta kwa kiganja. "Mgongo wangu ulikuwa unauma. Mama aliniambia mutue, amekuwa mukubwa. Mimi sikutaka. Nilimwambia mama ni mutoto anataka, lakini ni mimi nilikuwa sitaki."

Jambo hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani nilimchosha.

Akautazama mguu wangu ulionyooka, akaweka mkono juu ya goti lisilokunjika.

"Umefanya nini?"

"Pikipiki. Barabara ya Kabambare."

"Mudogo wangu naye alianguka," akasema. "Ndiyo maana hakukuja. Wangeniambia tu kama hawezi kutembea, ningevuka nimubebe."

Nililia basi. Nilijililia, pamoja na yaya yangu, mkono wake juu ya goti langu, na watu wa kwetu waliokuwa wakicheka ukingoni wakaja wakasimama penye ua na hawakujua wafanye nini. Jioni Mwagenya alikuja kuniambia tuwahi kabla mawe hayajapotea machoni. Yaya alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishukuru kwa kuja kumpa pole.

Sasa navuka kila juma, siku ya soko. Shuka nyeupe nimezirudisha sandukuni. Tunatumia lile turubai la buluu, na ni chungu chenye kifuniko kama nilivyosema, nafika nimeiva. Kamba ya kiti ni ile ile. Kichwa cha yaya kimekwisha kumwacha hata binti yake. Humwita dada wa jikoni. Mchana na asubuhi humchanganyikia. Lakini kifo cha mdogo wake hakijamtoka. Nikifika huniandalia mkeka, huuliza mguu unasemaje, kisha hunisimulia Mzigo alivyokuwa, na kila juma kuna kitu kimoja ambacho mimi mwenyewe sikukijua.

Juma lililopita alinishika mkono nilipokuwa nikiondoka. Akaniomba nisichoke kuja, maana watu wote wamemsahau mdogo wake, ni mimi peke yangu ninayemkumbuka. Nikamwambia sitachoka.